Nusu ya Diop Isiyosomwa: Cheikh Anta Diop, Misri na Suala la Lugha

Jina la Cheikh Anta Diop halikosi kusikika panapojadiliwa historia ya Afrika katika vyuo vyetu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyehudhuria kozi ya nadharia atakwambia kwamba Diop ndiye yule Msenegali aliyeshikilia kuwa Misri ya Mafarao ilikuwa dola ya Waafrika weusi, na kwamba Wayunani walichota mengi katika kisima hicho. Aghalabu ujuzi wake hukomea hapo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba katika Afrika Mashariki Diop anasomwa nusu; kwamba nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoshughulika na Kiswahili; na kwamba nusu iliyoshikwa, ile ya Misri, ina udhaifu ambao mhakiki wa Kiswahili anazo nyenzo za kuubaini, kwa kuwa lugha yake mwenyewe imewahi kuteswa na hoja za aina ile ile.

Tuanze na mtu mwenyewe. Diop alizaliwa tarehe 29 Desemba 1923 katika kijiji cha Thieytou, eneo la Diourbel, nchini Senegal, akalelewa katika mazingira ya tariqa ya Murid. Mwaka 1946 alifika Paris kwa nia ya kusoma hisabati. Hakutulia katika somo moja: alisoma falsafa kwa Gaston Bachelard, akaingia katika fizikia ya nyuklia iliyohusishwa na Frédéric Joliot-Curie, akajifunza Kimisri cha kale na isimu, na wakati huo huo akawa kiongozi wa wanafunzi wa chama cha RDA waliodai uhuru wa makoloni. Utafiti aliouandaa kwa ajili ya shahada ya udaktari haukupata jopo la kuutahini. Mwaka 1954 shirika la Présence Africaine, chini ya Alioune Diop, liliutoa kuwa kitabu: *Nations nègres et culture*, yaani Mataifa ya Weusi na Utamaduni. Alipotetea tasnifu nyingine katika Sorbonne mwaka 1960 alipewa shahada, lakini kwa daraja la chini ambalo kwa desturi ya Wafaransa lilimfungia mlango wa kufundisha chuo kikuu. Akarudi Dakar, akajenga katika taasisi ya IFAN maabara ya kupima umri wa mabaki ya kale kwa kaboni-14. Hakupata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dakar mpaka mwaka 1981. Alifariki tarehe 7 Februari 1986, na mwaka uliofuata chuo hicho kilichomnyima kiti kikabadilishwa jina na kuitwa Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Wafu hawadai mishahara.

Inafaa kuuliza jinsi mwandishi huyu alivyotufikia. Wengi wetu hatusomi Kifaransa. Diop tunayemjua ni yule wa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Mercer Cook na kutolewa Marekani mwaka 1974. Tafsiri hiyo si kitabu kizima cha 1954. Ni sura zilizoteuliwa kutoka vitabu viwili, *Nations nègres et culture* na *Antériorité des civilisations nègres* cha 1967, na uteuzi wenyewe uliegemea Misri na asili ya ustaarabu. Uteuzi huo haukosi sababu. Msomaji wa Kimarekani mweusi wa miaka ya 1970 alitaka silaha ya kumjibu mtu aliyemwambia kuwa hana historia, na Misri ilikuwa silaha. Kutoka hapo Diop akawa nguzo ya mkabala wa kuiweka Afrika kitovuni, ambao Molefi Asante aliutungia kitabu chake mwaka 1980. Ni Diop huyo wa Marekani, na si yule wa Dakar, anayezunguka katika semina zetu kwa nakala za fotokopi zilizofifia.

Kilichoachwa nje ya uteuzi huo ni nini? Katika sehemu ya pili ya kitabu cha 1954 Diop anaingia katika suala la lugha za Afrika na uwezo wake wa kubeba maarifa ya kisasa. Hajadili tu kwamba zinaweza, anafanya. Anaunda istilahi za Kiwolofu za hisabati na za fizikia. Anatafsiri kwa Kiwolofu muhtasari wa nadharia ya uhusianifu ya Einstein. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, anatafsiri sehemu ya tamthilia *Horace* ya Corneille, mwandishi ambaye kila mtoto wa shule ya kikoloni ya Kifaransa alilazimishwa kumkariri.

Hatua hii inastahili kutazamwa kwa jicho la fasihi. Hoja iliyotawala zama hizo ilisema kwamba lugha za Kiafrika ni za vitu vinavyoshikika, za methali na ngoma, wala hazina nafasi ya dhana tasa. Baadhi ya Waafrika wenyewe waliisaidia hoja hiyo bila kukusudia. Léopold Sédar Senghor, mshairi wa Negritudi na baadaye rais wa Senegal, alimgawia Mwafrika hisia na kumwachia Myunani mantiki. Diop hakumjibu kwa shairi. Alichukua kitu kikavu kuliko vyote, fizikia, akakiweka ndani ya lugha ya wakulima wa karanga wa Diourbel. Kama Kiwolofu kinaweza kusema kwamba wakati si mmoja kwa watazamaji wawili waendao kwa kasi tofauti, basi mjadala wa hisia na mantiki umekwisha bila mtu kuinua sauti. Na alilianza jambo hili mapema. Katika makala yake ya mwaka 1948 kuhusu uwezekano wa mwamko wa Afrika alikwishasema kuwa fasihi iandikwayo kwa lugha za Ulaya haiwezi kuwa msingi wa mwamko huo. Tunapomsoma Ngũgĩ wa Thiong'o akiaga Kiingereza mwaka 1986, au tunapokumbuka waraka wa 1968 ambao yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuandika Nairobi wakidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, tujue kwamba hoja ya lugha ilikuwa imeandikwa miaka ishirini kabla ya waraka huo, upande wa pili wa bara.

Mkabala wa karibu zaidi kwetu, hata hivyo, ni Julius Nyerere. Mwaka 1963, akiwa rais, Nyerere alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka uliotoka pia *Mabepari wa Venisi*. Diop na Nyerere wanafanya tendo moja: kila mmoja anamchukua mwandishi aliye kilele cha fasihi ya mtawala wake na kumleta katika lugha ya watawaliwa. Lakini mazingira ya matendo hayo mawili hayafanani. Nyerere alikuwa na dola nyuma yake, shule zilizosubiri vitabu, na lugha iliyokuwa tayari na Wasomaji wengi na tahajia sanifu tangu Kamati ya Lugha ya 1930. Tafsiri yake ilisomwa darasani na kuigizwa jukwaani. Diop alikuwa mwanafunzi asiye na shahada ya udaktari, na Kiwolofu chake kilichapishwa ndani ya kitabu cha Kifaransa ambacho mkulima wa Diourbel hangeweza kukisoma, na ambacho Mfaransa angeziruka kurasa zile. Tafsiri isiyo na msomaji ni kitu cha ajabu. Yeye aliitoa kama ushahidi, sawa na kielelezo kiwekwacho mbele ya hakimu. Kwa kuwa ilikuwa ushahidi, haikuhitaji kuwa nzuri. Ilihitaji kuwepo tu. Wanaomsifu kwa kazi hii bila kuliona jambo hilo wanamsifu kwa yale asiyoyafanya.

Hata hivyo Diop hakuiacha kazi hiyo katika hali ya kielelezo. Mwaka 1975 alirejelea suala la kuistawisha sayansi kwa lugha ya Kiafrika katika jarida la IFAN, tena kwa mifano ya Kiwolofu. Mwaka mmoja baadaye likazuka tukio ambalo mtunzi wa tamthilia angeogopa kulibuni. Diop alianzisha chama cha RND, chama ambacho Senghor alikataa kukiandikisha kwa kuwa sheria yake ya 1976 iliruhusu vyama vitatu tu, kila kimoja na itikadi aliyopangiwa. Chama kilikuwa na gazeti lililoitwa *Siggi*, neno la Kiwolofu lenye maana ya kuinua kichwa. Serikali ilikuwa imetoa amri kuhusu tahajia ya Kiwolofu, na kwa amri hiyo neno lile lilipaswa kuandikwa kwa g moja. Senghor, ambaye alikuwa mwanasarufi kabla ya kuwa mwanasiasa, hakukubali g mbili. Diop hakukubali g moja. Mwishowe gazeti likabadilishwa jina kuwa *Taxaw*, yaani kusimama. Filamu ya Ousmane Sembène ya 1977, *Ceddo*, nayo ilizuiwa nchini mwake kwa mgogoro wa konsonanti hizo hizo, d moja ama mbili.

Mtu anaweza kucheka. Lakini asomaye historia ya tahajia ya Kiswahili hacheki sana. Katika Kiwolofu urefu wa konsonanti hutofautisha maneno, kama vile katika Kimvita t ya meno na t ya ufizi zinavyotofautisha maneno ilhali tahajia sanifu inaziandika kwa herufi moja. Uamuzi wa kuacha tofauti hiyo ulipitishwa na kamati, na wenye lahaja wakabaki wakijua kuwa lugha yao inaandikwa na watu wasiosikia yote yanayosemwa. Diop alikuwa na hoja ya kiisimu, na alikuwa na hoja ya kisiasa ndani yake: nani ana mamlaka ya kuamua jinsi watu watakavyoandika maneno yao? Ni kisa hiki, kuliko piramidi zote, kinachomweka Diop katika meza moja na watetezi wa Kiswahili.

Sasa tuigeukie Misri, maana haitakuwa haki kuipita kimya. Kiini cha hoja yake kinajulikana. Diop anaita mashahidi: Herodotus aliyewaeleza Wamisri kuwa watu wa ngozi nyeusi, Volney, msafiri wa Kifaransa wa karne ya kumi na nane, aliyelitazama Sphinx na kuona sura ya mtu mweusi, Wamisri wenyewe walioiita nchi yao Kemet, Nyeusi. Anawaweka maadui zake kizimbani mmoja mmoja, ananukuu maneno yao kwa urefu, kisha anawaonyesha wakijikanganya. Ni mtindo wa mwendesha mashtaka, na ndio siri ya utamu wa kitabu. Msomaji anahisi kwamba karne mbili za uongo zinafichuliwa mbele ya macho yake, na kwa kiasi kikubwa zinafichuliwa kweli. Diop aliwalazimisha wataalamu wa Misri kujibu swali walilolikimbia: kwa nini nchi iliyo Afrika, inayopewa uhai na mto utokao ndani ya Afrika, ilisomwa kana kwamba imeelea kutoka Asia?

Kongamano la UNESCO lililofanyika Cairo kuanzia tarehe 28 Januari hadi 3 Februari 1974 lilikuwa kilele cha mapambano hayo. Diop na mwenzake kutoka Kongo, Théophile Obenga, walifika wakiwa wamejiandaa kuliko wote, na ripoti rasmi ilikiri kuwa mjadala ulikosa uwiano kwa sababu wengine hawakuja na matayarisho ya kiwango hicho. Wengi hawakukubaliana nao kuhusu rangi ya Wamisri. Kuhusu lugha walisikilizwa zaidi: Serge Sauneron aliona kuwa si vibaya kuwatafuta jamaa wa Kimisri ndani ya Afrika, na kwamba ufanano wa viambishi tamati vya kiwakilishi katika Kimisri na Kiwolofu hauwezi kupuuzwa kama sadfa. Sura ya Diop ikafungua juzuu la pili la *Historia Kuu ya Afrika* mwaka 1981, pamoja na maelezo ya mhariri kwamba maoni yake hayakukubaliwa na wataalamu wote.

Ni katika lugha hasa ndipo mhakiki wa Kiswahili anapoweza kusema neno. Ithibati ya ujamaa wa lugha haitokani na wingi wa maneno yanayofanana. Hutokana na ulinganifu wa sauti unaojirudia kwa kanuni. Kiswahili husema *panda*, Kikuyu husema *handa*; Kiswahili *pona*, Kikuyu *hona*; Kiswahili *paka*, Kikuyu *haka*. Hapa p ya upande mmoja hukutana na h ya upande wa pili katika neno baada ya neno, na kwa hiyo tunajua kuwa ni lugha ndugu hata pale maneno yenyewe hayafanani kwa sikio. Diop aliijua kanuni hii, na katika kitabu chake cha 1977 kuhusu ujamaa wa Kimisri na lugha za Afrika alijitahidi kuonyesha ulinganifu wa n ya Kimisri na l ya Kiwolofu. Tatizo ni kwamba anairuka ngazi nzima ya katikati. Kiwolofu kina ndugu zake wa karibu, Kisereri na Kifula miongoni mwao, na ilitakiwa kwanza ijengwe lugha mame ya kundi hilo, kisha ya familia kubwa zaidi, ndipo ifikishwe mtoni Nile. Kulinganisha lugha moja ya leo ya Pwani ya Atlantiki na lugha ya miaka elfu nne iliyopita, moja kwa moja, ni kulinganisha mjukuu wa mtu mmoja na babu wa mwingine. Uainishaji wa Joseph Greenberg wa 1963, ulioiweka lugha ya Kimisri katika familia ya Kiafrika-Asia na Kiwolofu katika Niger-Kongo, ndio ambao wanaisimu wengi wanaufuata mpaka leo. Afadhali tukumbuke, kabla ya kuwashangilia wapinzani wake, kwamba familia hiyo ya kwanza matawi yake mengi yamo Afrika, na kwamba Kisomali na Kirendile cha kaskazini mwa Kenya ni wanafamilia.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwingine. Diop anaifanya lugha, damu na utamaduni kuwa kitu kimoja: akithibitisha kimoja anahesabu kwamba vyote vitatu vimethibitika. Katika *L'Unité culturelle de l'Afrique noire* cha 1959 anaigawa dunia katika chimbuko mbili. Ya kaskazini ni ya wafugaji wahamaji, baba akiwa mkuu na maiti ikichomwa. Ya kusini ni ya wakulima, mama akiwa mkuu na maiti ikizikwa. Mtu aliyekulia Kenya hahitaji maktaba kuona ufa. Wamaasai na Waturkana ni wafugaji wanaohama na wanaofuata ukoo wa baba. Diop angewaweka wapi? Wadigo walirithisha kupitia mjomba, Waduruma walihesabu koo za pande zote mbili, na majirani zao wa Mijikenda walifuata baba, ingawa wote ni wakulima wa pwani moja wanaosikilizana kwa lugha. Anayetaka umoja wa Afrika hana haja ya kuukata utofauti wake kwa panga. Kwame Anthony Appiah alilisema jambo linalokaribiana na hili mwaka 1992, japo kwa ukali ambao naona ulimdhulumu Diop: mtu aliyeambiwa kwa rangi kuwa hana historia ana haki ya kuanza kujibu kwa rangi. Suala ni kama akomee hapo.

Historia ya Waswahili inatufundisha kwa nini asikomee. Kwa muda mrefu waandishi wa kikoloni waliwapa Waarabu na Washirazi sifa ya kila nyumba ya mawe kutoka Lamu hadi Kilwa, na wengine wakadai Kiswahili chenyewe ni Kiarabu kilichoharibika, ati kwa kuwa kina maneno mengi ya Kiarabu. Jibu lilitokana na sarufi: ngeli, viambishi na muundo wa kitenzi ni wa Kibantu, na shehena ya maneno haibadilishi mifupa ya lugha. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walilieleza hilo kwa Kiswahili mwaka 1977. Derek Nurse na Thomas Spear wakalieleza kwa Kiingereza mwaka 1985. Halafu mwaka 2023 ukachapishwa katika jarida la *Nature* uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ukaonyesha kwamba tangu yapata mwaka 1000 baadhi yao walichangia asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Kiajemi kwa upande wa baba. Kwa mantiki ya Diop, habari hiyo ingepaswa kututikisa. Haitutikisi. Wajukuu wa Waajemi hao walizungumza Kiswahili, wakatunga kwa Kiswahili, wakazikwa kama Waswahili. Damu ilikwenda njia yake na lugha njia yake.

Misri nayo haijatulia. Uchunguzi wa maiti za Abusir el-Meleq uliotolewa mwaka 2017 uliziweka karibu zaidi na watu wa Mashariki ya Kati, lakini ni mahali pamoja na ni zama za mwisho mwisho. Ule wa mtu mmoja wa Nuwayrat, wa zama za mapiramidi ya awali, uliotolewa 2025, uliona asili kubwa ya Afrika Kaskazini na sehemu ndogo ya upande wa Mesopotamia. Bado Misri ya Juu na Nubia hazijasema lao, na ni huko Diop alikokuwa akielekeza kidole. Hata zikisema, zitasema juu ya mifupa.

Kuna mahali ambapo nusu mbili za Diop zinakutana, napo ni katika *Les fondements économiques et culturels d'un État fédéral d'Afrique noire* cha 1960, kitabu chake kifupi na chenye vitendo kuliko vyote. Humo anazungumzia nishati, mito, viwanda, na lugha moja ya Kiafrika itakayochaguliwa kwa bara zima na kufundishwa katika shule za kila nchi. Miaka ya 1970 Wole Soyinka aliipendekeza lugha hiyo iwe Kiswahili. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Sisi tulisherehekea, na ilifaa. Ila Diop asingeuliza kwanza kama Kiswahili kinazungumzwa Addis Ababa. Angeuliza kama fizikia inafundishwa kwacho Nairobi. Tangu 1990 tunayo *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* iliyotolewa na TUKI, Dar es Salaam. Tangu 2010 katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu bado hufunga kitabu chake cha Kiswahili ndipo aingie maabara.